Nilimpa mama habari ya msiba akiwa mahututi, moyo ukadhoofika. Ni mimi?

Shangazi, asalamu alaykum, na shikamoo.

Mimi ni binti wa Pemba, upande wa Micheweni, mtoto wa tatu kwa watano. Nakuandikia jambo ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi ila kwa mafumbo.

Mamaangu ana miaka 63. Ni mtu wa mwani na wa pweza. Bamvua ikifika, maji yakapwa sana, hashikiki. Mwezi wa nne alianza homa na maumivu ya kiuno, tukadhani ni uchovu wa kuinama kwenye mwani. Siku ya nne akawa hajui anachosema. Hospitali wakatwambia ni maambukizi ya figo yaliyoingia kwenye damu, presha imeshuka, apelekwe Unguja. Tukavuka naye, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Siku zile nazikumbuka kama zimeandikwa ukutani. Jumatatu alilazwa, dripu mikono yote miwili, na dawa ya kupandisha presha ikipita kwenye mashine ndogo yenye namba nyekundu. Jumanne usiku akaanza kutweta. Wakampima umeme wa moyo, daktari akaitazama ile karatasi muda mrefu, akasema imebadilika, mpigaji picha ya moyo akipatikana atampiga. Jumatano mchana ikaja simu kutoka nyumbani: Halati amefariki ghafla. Halati ni mdogo wake mama. Wamelala kitanda kimoja mpaka mama alipoolewa, na ilikuwa haipiti siku hawajazungumza. Jioni, wakati wa kuona wagonjwa, mama akafumbua macho akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mdogo wangu mbona kimya?" Shangazi, ulimi ulikataa kudanganya. Nikamwambia. Akafumba macho, chozi moja likamtoka likapita chini ya mpira wa oksijeni. Hakusema neno.

Alhamisi asubuhi ndipo alipopigwa picha ya moyo. Daktari akatuita akasema moyo umedhoofika sana, unasukuma asilimia 25, na mama yupo kwenye mshtuko. Kaka mkubwa akanigeukia pale pale: "Umesikia? Mshtuko. Umempa mshtuko." Na muuguzi mmoja aliyekuwa pembeni akaongeza kwamba sisi watu wa shamba hatujui kuweka siri.

Alhamdulillahi mama hakufa. Wiki ya tatu picha ikarudiwa, ikasema 58. Daktari akatabasamu, akasema moyo umerudi. Tuko nyumbani na vidonge vya aina mbili na tarehe ya kliniki. Sasa kaka anasema 58 si 100, mama asishike hata ufagio, na dawa ni za maisha. Dada anasema aliyepona hamezi dawa, aache. Mke wa ami anasema ni kijicho cha watu wa mwani, ametuletea kombe la kunywa, lenye maneno ya Mungu, na chupa ya mizizi ya kuchemsha. Mama mwenyewe anauliza mwezi umefika ngapi, ajue bamvua lini.

Na mimi nina langu. Jumanne ile, siku moja kabla ya kufa, Halati alinitumia sauti kwenye simu, sekunde 40, salamu za dada yake. Sijampa mama aisikilize. Naogopa moyo usije ukaanguka tena. Usiku naifungua, kisha naizima kabla haijaanza.

Niambie, ni mimi?

Mtoto wa Tatu, Micheweni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Marahaba. Na poleni kwa msiba wa Halati, Mwenyezi Mungu amrehemu. Naona katika purukushani ya mama hata kumlia hamkupata nafasi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikaandika siku pembeni, kama tulivyokuwa tukifanya wodini enzi za unesi wangu, kabla magoti hayajanistaafisha. Nawe fanya hivyo, halafu mwite kaka aje atazame. Jumanne usiku mama anatweta. Jumanne usiku umeme wa moyo umebadilika. Jumatano jioni unampa habari. Alhamisi asubuhi inapigwa picha. Moyo wa mama ulianza kulegea usiku mmoja kabla Halati hajafariki, mwanangu. Kilichokuja Alhamisi ni picha. Ugonjwa ulishatangulia, na karatasi ya Jumanne ni shahidi. Iko kwenye faili lake mpaka leo.

Sitakudanganya kwamba majonzi hayagusi moyo. Yanagusa, na nitafika huko. Inawezekana kilio kile kilimwongezea mzigo mtu ambaye tayari amebeba magunia. Lakini kuongeza si kuanzisha, na hakuna kipimo duniani kinachoweza kupima chozi moja limeongeza asilimia ngapi. Anayekwambia anajua, anakuonea.

Kilichowaponza nyote, kaka yako na yule muuguzi pamoja, ni neno mshtuko. Kiswahili chetu kimelibebesha neno hili mizigo mitatu. Upo mshtuko wa kusikia habari mbaya, huo tunaujua sote. Upo mshtuko wa moyo, ambao watu huutaja kwa maana ya mshipa unaolisha moyo kuziba na kipande cha nyama ya moyo kufa. Na upo mshtuko wa wodini: presha inaanguka mpaka damu haifiki vizuri kwenye ubongo, figo na viungo vingine. Huu wa tatu ukiletwa na vijidudu vilivyosambaa mwilini, madaktari huuita mshtuko wa maambukizi, nao mama alivuka nao bahari. Ile dawa iliyokuwa inapita kwenye mashine yenye namba nyekundu ilikuwa ya huo. Daktari alisema neno moja, kaka akasikia jingine, ukahukumiwa ukumbini bila wakili.

Sasa nikueleze moyo wenyewe ulipatwa na nini, kwa jinsi ninavyoyaona maelezo yako.

Mwili ukizidiwa, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, pamoja na mishipa ya fahamu, humwaga adrenalini na ndugu zake ili moyo uende mbio na presha isishuke. Kwa dozi ya kawaida ni rehema. Ukikimbizwa na mbwa ndiyo inayokupandisha mwembe. Kwa mgonjwa mahututi humwagika nyingi mno, saa baada ya saa, na wingi huo ukiipiga nyama ya moyo unaitia ganzi. Hapo nataka uelewe: ganzi. Nyama haijafa kama ile ya mshipa ulioziba. Imelala. Ndiyo maana huamka, kwa wengi baada ya siku chache au wiki chache. Na kwa kuwa ile dawa ya kupandisha presha nayo ni ya ukoo huo huo, kuna wakati inaongeza mzigo. Lakini msiende kumgombeza daktari kwa hilo, maana bila ya dawa ile presha isingesimama na leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Wajapani ndio waliolipa jambo hili jina, mwaka 1990. Waliona kwamba ncha ya chini ya moyo imelegea na kuvimba, huku shingo ya juu inabana kwa nguvu, umbo likawa kama mtungi wao wa kutegea pweza: tumbo pana, shingo nyembamba. Mtungi huo kwao unaitwa takotsubo, na ugonjwa ukachukua jina hilo. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Sisi Pemba hatutegi pweza kwa mtungi, twamfuata kwenye tundu lake mwambani maji yakipwa, tukamchokoa. Wenzetu wanauzamisha mtungi chini, pweza anaingia mwenyewe akidhani amepata nyumba. Mwambie mama, mtu wa pweza hatausahau ugonjwa wenye jina hili.

Watu wa mijini wanaupenda ugonjwa huu kwa jina jingine, moyo uliovunjika, kwa sababu wengine huupata baada ya kufiwa. Baada ya tetemeko la ardhi la Niigata, Japani, mwaka 2004, uliwapata watu wengi kuliko kawaida. Hadithi hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,750 kutoka hospitali za Ulaya na Marekani. Wanawake walikuwa karibu 90 katika kila 100, na umri wao kwa wastani karibu miaka 67. Mama yako yumo katika kundi hilo. Lakini tazama sababu. Waliotanguliwa na maradhi au shida ya mwili, kama maambukizi, pumu kali, upasuaji au kiharusi, walikuwa 36 katika 100. Waliotanguliwa na jambo la moyoni peke yake walikuwa karibu 28. Na wengine karibu 28 hawakuonekana na sababu yoyote. Kwa hiyo hata bila ya wewe kufungua mdomo, figo ile na homa ile zilitosha.

Na huenda wala haikuwa takotsubo. Maambukizi makali ya damu yana namna yake ya kuulegeza moyo wote, si ncha tu, nao hurudi vilevile. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 20 wa mshtuko wa maambukizi. Waliopona, mioyo iliyokuwa imelegea ilirudi katika muda wa siku 10 hivi. Mambo haya mawili yanafanana mpaka madaktari wenyewe hubishana kitandani kwa mgonjwa. Siku ya kliniki muulizeni daktari: katika picha ya Alhamisi, ulilegea ncha tu au moyo mzima? Jibu halibadilishi mapishi ya leo, ila litawekwa kwenye faili, na siku mama akilazwa kwa jambo jingine atakayempokea atakuwa na pa kuanzia.

Swali la pili la kuuliza lina uzito zaidi: mishipa ya moyo imeshaangaliwa? Ili kusema kwa yakini kwamba huu haukuwa mshipa ulioziba, kipimo chenyewe ni kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja na kutia dawa inayoonekana kwenye eksirei. Kwa mgonjwa mahututi mara nyingi huahirishwa, na inaeleweka. Kipimo hiki kinafanyika Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sisemi lazima avushwe. Moyo uliorudi wote ndani ya wiki tatu ni dalili nzuri. Nasema muulizwe daktari, hasa kama mama ana presha, ana sukari, au alikuwa akibanwa kifua akipanda kilima hata kabla ya mwezi wa nne.

Haya, tuje kwa kaka na hesabu yake ya 58.

Mpe kahawa kwanza, kwenye kile kikombe kidogo cha barazani kisicho na mkono. Moyo wa mtu mzima ukipiga pigo moja hutoa damu ya karibu mililita 70, kiasi cha kikombe kile. Chumba kinachosukuma hakijimwagi chote. Kikijaa kina kama mililita 120, kinatoa kikombe, kinabakisha. Ndivyo kilivyoumbwa. Moyo mzima wa afya hutoa asilimia 55 mpaka 70 hivi, na hakuna binadamu mwenye 100. Kaka mwenyewe, na kifua chake kile, akipimwa kesho ataambiwa 60 na atatoka hapo akitembea kwa maringo. Mama alipokuwa 25 kila pigo lilikuwa linatoa chini ya nusu kikombe, moyo ukalazimika kwenda mbio kufidia, na damu ikarudi nyuma kwenye mapafu. Ndiko kutweta kulikotoka. Kwa 58 anatoa kikombe chake kamili. Amepata alama za kupita, mwacheni ashike ufagio.

Dada naye asiniangushe. Kweli moyo umerudi, na kweli kwa wengi vidonge hivi si vya maisha. Lakini vya kuacha kwa amri ya daktari. Hujaniandikia majina, nami sitabahatisha. Mara nyingi kimoja huwa ni cha kupunguza mbio za moyo, kama bisoprolol, na hicho ukikikata ghafla mapigo na presha vinaweza kuruka. Kingine huwa ni cha kulegeza mishipa, kama enalapril, ambacho baadhi ya watu kinawaletea kikohozi kikavu. Akikohoa mseme, kipo cha kubadilisha. Kama alipewa na cha kuzuia damu kuganda, hicho ndicho msikiache kabisa, kwa sababu ncha ikilala damu hutuama mle na kuweza kufanya donge. Mnaendelea mpaka tarehe ya kliniki, basi. Daktari atawaambia kipi kinapunguzwa lini.

Kombe la mke wa ami sina neno nalo, mama akilitaka anywe, ni maneno ya Mungu na zafarani. Ile chupa ya mizizi iwekeni juu ya kabati ikae mpaka mkaisahau. Figo ya mama imetoka vitani, na hakuna anayejua chupa ile ina nini na itafanya nini ikikutana na vidonge.

Pwani aende. Si kesho. Mtu aliyelazwa mahututi hutoka amekonda mapaja, anachoka akivaa nguo, wengine hawalali, wengine husahau walichokisema asubuhi. Hayo ni mabaki ya kulazwa kule, na yanaweza kuchukua miezi. Aanze kuzunguka nyumba, kisha mpaka kwa jirani, kisha mpaka ufukweni akae juu ya ngalawa awatukane wanaofunga mwani ovyo. Bamvua moja au mbili zipite hivyo. Akiweza kupanda kijilima cha nyumbani huku anazungumza bila ya kukatika pumzi, na daktari akaafiki, ashuke mwambani na fimbo yake, ndoo ubebe wewe. Wa kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo ni huyu: anayetweta akilala chali, aliyevimba miguu, anayebanwa kifua, au aliyeanguka akazimia. Na homa yenye maumivu ya kiuno, safari hii msisubiri siku ya nne.

Juu ya yule muuguzi, nilivaa sare ile miaka mingi na namwonea haya. Maneno kama yale hutoka kwa mtu aliyechoka, nayo hubaki kwa mwenye mgonjwa. Mimi simo katika wanaoamini kuwaficha wagonjwa misiba. Najua ndivyo tulivyolelewa, mtu anafichwa mpaka hitma ya arubaini ipite, halafu anagundua kwamba watu wote waliokuwa wakimlisha uji walikuwa wakimtazama machoni na kusema uongo. Mama alikuuliza. Alishajua, au alishahisi. Dada hanyamazi siku mbili bure. Ningekulaumu kwa kitu kimoja kidogo tu: kabla ya kusema, ungemwita nesi ukamwambia, "Nina habari nzito, nimwambie sasa?" Wangekaa karibu na mashine. Hilo ni la siku nyingine.

Imebaki sauti ya Halati.

Unaogopa kurudi kwa ugonjwa. Katika wale 1,750, ulirudi kwa chini ya watu 2 katika kila 100 kwa mwaka. Upo, lakini ni mchache, na hakuna anayeukinga kwa kumnyima mtu salamu zake. Mama keshajua kwamba mdogo wake amekufa. Asichokijua ni kwamba siku moja kabla ya kufa alimkumbuka.

Chagua mchana, baada ya adhuhuri, ameshakula na ameshameza dawa. Akae kitako asiegemee, wewe kaa upande wa mkono wake wa kulia. Mwambie kwanza ni nini, ni ya siku gani, na ina urefu gani, asije akashtukizwa na sauti. Muulize kama anaitaka leo. Akisema leo, bonyeza, wala usiizime katikati hata akilia. Akitaka irudiwe, irudie. Kisha muulize Halati alikuwa anamwita jina gani walipokuwa watoto, kwa sababu nahisi kwenye sekunde hizo 40 kalitaja.